Sahihi ya Shahidi

Mwaka juzi, jirani yangu mwenye kibanda cha mboga aligonga mlango wa keja yangu pale Kawangware saa moja asubuhi, mkononi ana karatasi tisa zilizobanwa pini kwenye kona. "Wewe si ndiye wa kusomasoma," akasema. "Si unisomee hii kitu. Wameniambia nikuje na mtu anajua kusoma, na asiwe mtu wao."

Ilikuwa fomu ya ridhaa. Kliniki moja, ambayo sitaitaja, ilikuwa inatafuta watu wa makundi mawili: wenye presha peke yake, na wenye presha pamoja na kisukari. Kila kundi lingegawanywa kwa kura, huyu apewe dawa hii na yule apewe ile, na baada ya mwaka mmoja watafiti waangalie damu ya nani imetulia. Mama Mboga (nitamwita hivyo kama mtaa mzima unavyomwita) alikuwa na presha. Alikuwa anajua tangu siku alipozirai akishusha gunia la kabeji, na tangu siku hiyo alikuwa ananunua vidonge vinne vinne, wiki ikiwa nzuri.

Utaratibu uko wazi. Mtu asiyejua kusoma akitaka kujiunga na utafiti, lazima awepo shahidi asiye na upande. Shahidi haulizwi kama utafiti ni mzuri. Anaulizwa mambo matatu tu: huyu mtu ameelezwa, ameelewa, na amekubali kwa hiari yake? Akisema ndiyo, anaweka sahihi chini ya alama ya kidole gumba cha mwenzake, na tarehe. Basi. Kazi ya nusu saa, na soda ukibahatika.

Mimi mambo haya nilikuwa nayajua kwa njia ya aibu kidogo. Niliacha chuo mwaka wa tatu, karo ilipogoma, na tangu hapo nakula kwa kuandika: tangazo la sabuni leo, makala ya gazeti kesho, na katikati yake insha za wanafunzi wa ng'ambo ambao wana karo lakini hawana muda. Nairobi vijana wa kazi hiyo tuko wengi, usijifanye hujui. Kwa hiyo Azimio la Helsinki la 1964, lile ambalo Chama cha Madaktari Duniani kiliandika kuhusu utafiti kwa binadamu, nimeliandikia insha kama mara sita. Nimepata alama nzuri sana kwa majina ya watu wengine. Kila mara nilieleza kwa ufasaha kwamba ridhaa lazima iwe huru, itokane na kuelewa, na isinunuliwe. Sikuwahi kuketi na mtu mwenye wino kidoleni.

Tuliketi kwenye benchi la kliniki, muuguzi upande mmoja, mimi upande mwingine, Mama katikati. Fomu ilikuwa ya Kiswahili, lakini kile cha taarifa ya habari. Tulipofika kwenye sentensi iliyosema washiriki watagawanywa "kwa nasibu", Mama akaniangalia.

"Hiyo ni kusema nini?"

"Ni kama kurusha shilingi, Mama. Upande mmoja dawa hii, upande mwingine dawa ile. Daktari hachagui, hata wewe huchagui."

"Kama kubeti."

"Kama kubeti, lakini huweki pesa."

Akafikiria. "Naweka mwili," akasema, na akacheka, na muuguzi akacheka, na mimi nikacheka pia kwa sababu sikujua nifanye nini kingine.

Nimelirudia neno hilo mara nyingi. Daktari anayekujali, hivi ndivyo tumefundishwa kuamini, anakuangalia wewe, anachagua kinachokufaa wewe. Halafu unaingia kwenye utafiti na anakuambia: sitakuchagulia, kompyuta itachagua. Mwenye akili timamu akisikia hivyo ana haki ya kuondoka. Ili kuona kwa nini kura si matusi, lazima ukumbuke Nairobi ilivyokuwa bila kura.

Mwaka 1990 taasisi yetu ya utafiti wa tiba, KEMRI, ilitangaza dawa ya Ukimwi iitwayo Kemron. Rais Moi mwenyewe aliitangaza. Ilikuwa interferoni kidogo sana, ya kumumunywa mdomoni, na ripoti ya kwanza ilisema wagonjwa walipata nguvu, wakala, wakaongeza uzito. Watu walipanda ndege kuja Nairobi kuitafuta. Lakini ile ripoti haikuwa na kundi la kulinganisha. Haikuwa na watu waliopewa kitu kingine ili ijulikane nafuu imetoka wapi. Majaribio yaliyofuata kwingineko yakiwa na kundi hilo, yakiwemo ya Uganda, hayakuona faida. Waliouza shamba kuinunua hawakurudishiwa shamba. Kwa hiyo mtu akiniambia kura ni ukatili, namuuliza: na kuchaguliwa dawa na daktari anayeamini tu, tena mbele ya kamera, kuna huruma gani?

Hapo mambo bado ni rahisi. Magumu yanaanza kwenye maziwa.

Kati ya 1992 na 1998, hapa Nairobi, watafiti waliwaandikisha wajawazito 425 wenye virusi vya Ukimwi kutoka kliniki 4. Wakapigiwa kura: nusu wanyonyeshe, nusu wawape watoto maziwa ya kopo, ambayo walipewa bure. Ilikuwa inajulikana kwamba virusi vinaweza kupita kwenye maziwa ya mama. Ilikuwa inajulikana pia kwamba maziwa ya kopo kwenye mtaa wenye maji mabaya yanaua kwa kuhara. Kipi kinaua zaidi, hakuna aliyekuwa na jibu, na dawa za kuokoa hao akina mama hazikuwa zimefika kwa watu wa kawaida. Matokeo yalichapishwa mwaka 2000. Baada ya miezi 24, uwezekano wa mtoto kuambukizwa ulikuwa asilimia 36.7 kwa walionyonyeshwa na 20.5 kwa waliopewa kopo. Vifo havikutofautiana sana: takriban mtoto 1 kati ya 5 upande wa kopo, na 1 kati ya 4 upande wa titi.

Mimi nilizaliwa mwaka 1997, mjini hapa hapa. Sijui kama kuna mtu wa darasa langu la msingi aliyekuwa kwenye ile kura, na si kazi yangu kujua. Lakini najua nikiipita foleni ya basi pale Kencom, naweza kuwa napita karibu na mtu wa rika langu ambaye yuko hai, au ni mgonjwa, au ni mzima, kwa sababu ya bahasha iliyofunguliwa mama yake akiwa mjamzito.

Kuna namba moja kwenye utafiti ule ambayo inanisumbua kuliko hizo za vifo. Akina mama waliopangiwa kunyonyesha, asilimia 96 walifuata. Waliopangiwa kopo, ni asilimia 70. Yaani karibu theluthi moja walimpa mtoto titi angalau wakati fulani, na maziwa ya bure yako ndani ya nyumba. Mtu wa Ulaya anaweza kuisoma hiyo kama watu kutotii maagizo. Mtu wa Nairobi anaona mama mkwe ameketi sebuleni. Mtoto analia. "Mbona humnyonyeshi mtoto?" Utamjibu nini, na mumeo hajui? Kura ilikuwa imempangia mama huyu kitu ambacho hakiwezi kufanyika bila kutoboa siri. Fomu aliyoisaini ilikuwa yake peke yake, lakini maisha yaliyofuata yalikuwa ya watu sita chumba kimoja.

Je, ule utafiti ulikuwa makosa? Nimejaribu kusema ndiyo na nimeshindwa. Bila wale 425, akina mama waliokuja baadaye wangeshauriwa kwa kukisia. Nimejaribu pia kusema ulikuwa sawa kabisa, na hapo pia ulimi unakwama. Nadhani panapokwama ni hapa: tunapouliza kama utafiti ni wa haki, tunaangalia siku ya kusaini. Alielezwa? Alielewa? Alikubali? Lakini mengi yanayoweza kumuumiza mtu hayako siku hiyo. Yako Jumanne ya miezi minne baadaye, mama mkwe akiwa sebuleni.

Kiswahili kina neno zuri hapa, ridhaa, na ni ndugu wa kuridhika. Mtu anaweza kukubali bila kuridhika. Tunafanya hivyo kila siku: unakubali kodi ipande, unakubali kuketi kwa yale mabenchi ya ubao kwenye mathree ya 46 saa kumi na mbili jioni. Fomu inaandika ridhaa lakini inapima kukubali.

Sasa lile la pesa. Mama alikuwa anapewa shilingi 500 kila akienda, wanaita nauli. Insha zangu sita zote zilikuwa na aya kuhusu hatari ya kishawishi: kwamba ukimpa maskini pesa, umemnyima uhuru wa kukataa. Nilipokuwa nasoma ukurasa huo nikamuuliza, kwa sauti ya msomi, kama anaenda kwa sababu ya pesa. Nilitaka ajue ana haki ya kukataa.

Hakukasirika. "Mwanangu, wewe ukiandikia hao wazungu insha usiku kucha, si ni pesa?"

"Ni pesa, Mama."

"Na bado unajua kitu unaandika."

Halafu akanipigia hesabu. Siku ya kliniki ni siku ya kibanda kufungwa. Mboga aliyoichukua Marikiti alfajiri inalala, na sukuma iliyolala kesho ni ya kuku. Hizo 500, nauli ya 40 ikitoka, hazimfikishi kwenye faida ya siku nzuri. Kama hicho ni kishawishi basi ni kishawishi cha hasara. Alichokuwa anakifuata ni mashine ya kupima presha ambayo inafanya kazi, na daktari anayemkumbuka jina, na vidonge vya mwezi mzima ndani ya mfuko mmoja. Nilikuwa nimeishi miaka miwili jirani naye na sikujua kwamba mfuko wa vidonge vya mwezi mzima unaweza kumfanya mtu aongee kwa sauti ya chini namna ile.

Kwa hiyo naacha ile hoja ya kishawishi, angalau kwa namna nilivyokuwa naiuza. Inamtukana maskini mara mbili: kwanza kwa kumweka penye njaa, kisha kwa kumwambia njaa imemla akili. Tajiri wa Lavington akijiunga na utafiti ili apate daktari bingwa haraka tunasema ni mjanja. Mama Mboga akivuka barabara kutoka upande wa pili tunasema amenunuliwa.

Lakini sitaki kuacha hasira pia. Nakumbuka Aprili 2020, wakati wa korona, daktari mmoja na mtafiti mmoja wa Ufaransa walizungumza kwenye televisheni kuhusu kuijaribu chanjo ya BCG Afrika, na mmoja akauliza kama haifai kufanyiwa huku ambako hakuna barakoa wala matibabu, kama ilivyofanywa kwenye tafiti fulani za Ukimwi kwa makahaba. Nairobi nzima iliwaka mitandaoni. Niliwaka pia, nimejifungia ndani, nikaandika maneno ambayo siwezi kuyachapisha hapa. Aliyeuliza aliomba radhi baadaye. Siku hizo nilikuwa na hakika kabisa: sisi si panya wa maabara.

Halafu hasira iliposhuka nikaanza kujiuliza, hao makahaba aliowataja walikuwa nani? Kwa sababu baadhi yao ni wa hapa. Wako upande wa pili wa jiji, Majengo, Pumwani. Tangu 1985 Chuo Kikuu cha Nairobi na Chuo Kikuu cha Manitoba cha Kanada walikuwa wakiwafuatilia wanawake wanaouza mwili pale, wakiwapima na kuwatibu magonjwa ya zinaa. Frank Plummer alikuwa daktari wa Kanada aliyekaa Nairobi miaka mingi, na Elizabeth Ngugi, muuguzi aliyekuja kuwa profesa, ndiye aliyeketi na wale wanawake akawapanga wakawa kundi lenye sauti, wakaanza kukataa mteja asiye na kondomu. Katika miaka hiyo watafiti wakagundua jambo ambalo liliushangaza ulimwengu: asilimia ndogo ya wanawake hao hawakuambukizwa, mwaka nenda mwaka rudi, ingawa walikuwa wanakutana na virusi kila wiki. Damu yao ilikuwa na seli zinazovitambua virusi na kuviua.

Kutoka damu hiyo likazaliwa wazo la chanjo. Watafiti wa Oxford na wa Nairobi waliitengeneza, na mwaka 2001 majaribio yakaanza hapa mjini, chini ya mpango wa KAVI wa Chuo Kikuu cha Nairobi. Miaka michache baadaye ikaonekana haiamshi kinga ya kutosha. Kabla ya hapo palikuwa na ugomvi mkubwa wa hataza: nani amesajili, nani ameachwa, Oxford au Nairobi. Ukaja ukatatuliwa, watafiti wetu wakapata nafasi yao. Mimi nilikuwa mtoto, nimeyasoma baadaye kwenye magazeti ya zamani pale maktaba ya McMillan, na nilikuwa upande wa Nairobi kwa asilimia mia. Ilinichukua muda kugundua kwamba ugomvi wote ule ulikuwa ni wa watu wenye digrii. Mwenye damu hakuwa mezani.

Na kuna jambo lingine la Majengo ambalo halinitoki. Baadhi ya wale waliodhaniwa wana kinga walikuja kuambukizwa baadaye, na watafiti walipochunguza wakaona wengi wao walikuwa wamepunguza kazi au kuiacha kwa muda kisha wakarudi. Inaelekea kinga yao ilikuwa inalishwa na hatari yenyewe. Hebu fikiria wewe ndiwe mwanamke huyo. Umepata mtaji kidogo, umefungua duka, umepumzika mwaka mzima. Biashara imekufa, umerudi. Na mwaka ule wa kupumzika ndio uliokuponza. Ni ukweli, ni wa maana kwa sayansi, na sioni namna ya kumwambia mtu ukweli huo usiku akalala.

Je, walitumiwa? Walitumiwa. Je, walifaidika? Walifaidika: matibabu, kondomu, elimu, na baadaye dawa zilipofika nchini kliniki ilikuwa inawajua kwa majina. Hayo mawili hayafutani. Yule daktari wa Paris alidhani anataja mfano wa watu wasio na kitu. Mimi kwa hasira yangu nilidhani hivyo hivyo, ila nikaweka machozi.

Hoja ambayo hatimaye ilinifanya nione haya kuhusu "sisi si panya" ni ya vidonge vya Mama. Kwa miaka mingi, ukitaka kujua dawa gani za presha zinafanya kazi vizuri zikiunganishwa kwa mtu mweusi, ulikuwa unaangalia hasa Wamarekani weusi. Wanakula tofauti na sisi, wanatibiwa tofauti, na kizazi cha babu zao kilivuka bahari, lakini ndio waliokuwa wamehesabiwa. Mwaka 2019 ndipo ulipochapishwa utafiti uitwao CREOLE: wagonjwa 728 kutoka nchi 6 za Afrika, Kenya na Uganda zikiwemo, wakapigiwa kura kwenye mchanganyiko 3 wa dawa ambazo tayari ziko madukani. Profesa Elijah Ogola wa Chuo Kikuu cha Nairobi ni mmoja wa walioufanya. Michanganyiko miwili yenye amlodipini ilishusha presha kuliko ule wa tatu usio nayo. Hakuna miujiza hapo, ni vipimo vichache tu vya tofauti kwenye mashine, lakini mara hii mwili uliopimwa ni wa hapa. Watu 728 walikubali kurushiwa shilingi ili mimi, siku presha ikinipata (na kwetu inatupata), nisitibiwe kwa kukisia.

Kwa hiyo ukiniuliza kama maskini wa Nairobi waingizwe kwenye utafiti, jibu langu ni ndiyo, na waingizwe kwa wingi. Kuachwa nje pia ni dhuluma. Hilo lilinichukua miaka na insha sita nilizolipwa kusema kinyume.

Turudi kwenye benchi. Tulikuwa tumefika ukurasa wa saba. Ilikuwa saa nne kasoro, nilikuwa na insha ya mtu kuhusu bei ya kahawa ambayo ilitakiwa saa sita, muuguzi alikuwa na foleni, na Mama alikuwa ameanza kuangalia nje kwa wasiwasi wa kibanda. Ukurasa wa saba ulikuwa na kichwa kilichosema nini kitatokea utafiti ukiisha. Niliusoma. Kila neno nililisoma, naweza kuapa. Lakini nilisoma kama mtu anavyosoma masharti ya mkopo wa simu, kwa sauti moja bila kituo: kwamba baada ya miezi kumi na miwili dawa za utafiti hazitatolewa tena, na mshiriki ataelekezwa kwenye kituo cha afya cha umma kilicho karibu. Nikageuza ukurasa. Mama hakuuliza swali. Nilifurahi kwamba hakuuliza swali.

Akaweka kidole kwenye wino. Nikaweka sahihi.

Mwaka ukapita vizuri. Presha yake ilishuka, hata uso ulibadilika, alikuwa ananiita dirishani kunionyesha kitabu chake cha vipimo kama mtoto na ripoti ya shule. Halafu Mei akaja tena mlangoni na karatasi, safari hii moja tu, barua ya kumwelekeza kituo cha umma. Alikuwa ameenda. Alipimwa vizuri, akaandikiwa vizuri, akaambiwa dawa hakuna kwa sasa, anunue nje.

"Sasa hizi dawa," akasema, "si ulisema watanipea?"

Sikuwa nimesema. Ningeweza kuitoa nakala yake ya fomu na kumwonyesha mstari. Kisheria niko salama, muuguzi yuko salama, kliniki iko salama, kamati ya maadili iliyoipitisha fomu iko salama, wote tulimwambia. Azimio la Helsinki lenyewe linataka mambo ya baada ya utafiti yapangwe mapema na yaelezwe kwa mshiriki, na yalipangwa, na yalielezwa, na mimi ndiye niliyekuwa mdomo wa kueleza. Mwaka 2024 walilifanyia Azimio marekebisho, wakaacha kuwaita watu hawa wanaofanyiwa utafiti na kuanza kuwaita washiriki. Ni badiliko zuri. Nililiandikia insha pia.

Nilichofanya siku ile hakina ushujaa wowote. Nilimwambia, "Mama, ilikuwa kwenye karatasi. Niliisoma haraka." Akaniangalia kwa muda. Hakunigombeza, ingawa ana umri wa mamangu na alikuwa na haki. Aliuliza tu kama kuna mahali kwenye karatasi wameandika mtu akiacha dawa ghafla inakuwaje. Tukatafuta pamoja. Pameandikwa, ukurasa wa tano.

Sasa ananunua amlodipini kwenye duka la dawa la hapo kona, vidonge vya wiki. Wiki mbaya anameza siku moja, anaruka siku moja. Mara mbili nimemlipia, mara nyingi sina. Tulienda pamoja kwenye kliniki ile kuuliza, na kijana wa mapokezi, rika langu, alitusikiliza kwa adabu sana na kutupa namba ya simu ya kamati, ambayo iko pia kwenye fomu, ukurasa wa mwisho. Tulipiga. Walisema tuandike barua. Niliiandika, na ndiyo maandishi pekee ya mada hii ambayo yana jina langu mwenyewe chini, ukiacha haya. Jibu lilikuja baada ya wiki tano, la heshima, likinukuu ukurasa wa saba.

Wiki iliyopita alinisimamisha nikishuka kwenye mathree. Kuna utafiti mwingine, wa figo, kliniki tofauti, wanataka watu wenye presha ya muda mrefu na watu wasio na presha kabisa, wa kulinganisha. Ameshapewa karatasi. Hizi ni kumi na moja.

"Na wewe uko na presha?" akaniuliza.

"Sijui, Mama. Sijawahi kupimwa."

"Basi kuja tuende wote. Wewe wakuandike wa kulinganisha." Akaziweka karatasi juu ya nyanya, akapangusa mikono kwa leso. "Lakini leo tunaanzia nyuma. Soma ile ya mwisho kwanza, pole pole, kibanda nimeachia msichana."

Nikavuta kreti ya soda nikaketi.